Somo: Jinsi ya kutambua Msalaba wa Chuma wa 1914, halisi au feki

Habari zenu wadau. Picha za nishani za Mjerumani ninazotumiwa nizikague zimekuwa nyingi, na karibu zote ni za kitu kimoja: Msalaba wa Chuma daraja la pili, toleo la 1914. Basi leo nashughulika na huo tu. Ukiuelewa vizuri, nishani nyingine hazitakusumbua sana, kwa sababu ukaguzi wake ni wa aina ileile. Kwanza uliza kitu kimetengenezwaje. Hadithi ya muuzaji isubiri.

Historia kwa ufupi. Nishani hii ilianzishwa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa III wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, mjini Breslau, tarehe 10 Machi 1813, katika vita dhidi ya Napoleon. Umbo lake tunalolijua lilichorwa na Karl Friedrich Schinkel, msanifu majengo wa Berlin. Chuma kilichaguliwa kwa makusudi: Prussia ilikuwa hoi kwa vita, raia wakitoa dhahabu zao na kupewa vito vya chuma, na mfalme akataka nishani itakayofaa nyakati hizo, ya kuvaliwa na askari wa kawaida na jenerali sawasawa. Ikarudishwa tena 1870, kisha 5 Agosti 1914, kisha 1939.

La 1914 ndilo linalopatikana kwa urahisi. Daraja la pili lilitolewa kwa watu kama milioni tano, daraja la kwanza kwa watu wapatao 218,000. Shika hilo kichwani unapobembelezwa na dalali: huu si mzigo adimu, ukiukosa wa leo utapata mwingine.

Vifaa: lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, sumaku ndogo, rula yenye milimita, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Vaa glavu za pamba, maana jasho lina chumvi na chumvi hula chuma.

Hatua ya 1: Soma pande zote mbili

Mbele, mkono wa juu una taji, katikati pana herufi W ya Kaisari Wilhelm wa II, na mkono wa chini una mwaka 1914. Nyuma, juu kuna herufi FW za Friedrich Wilhelm chini ya taji, katikati majani matatu ya mwaloni, na chini mwaka 1813. Upana ni milimita 42 hivi. Ukikuta 1870 au 1939 mbele, hilo ni toleo jingine na bei yake ni nyingine.

Hatua ya 2: Kagua maungio

Hapa tulia, hata kama muuzaji anakutazama kwa jicho baya. Msalaba halisi wa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha, moja mbele na moja nyuma, zilizokibana kiini katikati na kuunganishwa ukingoni kwa lehemu. Ushike ubavu kwenye mwanga wa dirisha, kisha uuzungushe taratibu chini ya lenzi. Unatafuta mstari mwembamba unaopita katikati ya ukingo kuzunguka msalaba mzima. Mafundi wazuri waliupiga tupa mpaka ukafifia, lakini mahali fulani, hasa kwenye pembe za ndani, lehemu itajionyesha.

Sasa ulaze chali. Angalia pale fremu inapokutana na kiini. Kwenye msalaba halisi kuna ufa mdogo sana kati yao, na ndani ya ufa huo pamekaa uchafu wa miaka mia na zaidi, pengine na kutu ya kahawia. Fuata vile vishanga vidogo vya fremu, yaani nundu ndogondogo zilizopangwa kama ushanga, kimoja kimoja: vinasimama wazi, vimetengana, na kwenye kona safu zake zinakutana bila kupondana.

Feki ya bei rahisi humiminwa kwenye kalibu ikiwa kipande kimoja. Kati ya fremu na kiini hakuna ufa, kuna bonde tu lililopakwa rangi nyeusi, na rangi hiyo mara nyingi imepanda juu ya fremu kwa sababu mkono wa mpakaji uliteleza. Vishanga vimelegea, vimeshikana, na juu yake utaona vitobo vidogo vilivyoachwa na mapovu ya hewa. Ukishaona vitobo hivyo, rudisha kitu kwa mwenyewe, shukuru, ondoka.

Hatua ya 3: Sumaku

Kiini cha chuma huvuta sumaku, fremu ya fedha haivuti. Ipo misalaba halisi michache yenye kiini kisichovuta, kwa hiyo sumaku ikikataa usihukumu papo hapo, ila usilipe kabla haujaonwa na mtu mwenye uzoefu. Na ikivuta usishangilie, feki nyingi za siku hizi nazo zina chuma ndani.

Hatua ya 4: Alama kwenye pete

Pete inayopita utepe mara nyingi imegongwa alama ya karakana. Utakutana na KO, S-W ya Sy & Wagner, WILM, CD 800 na nyingine nyingi. Misalaba mingi halisi haina alama yoyote, kwa hiyo kukosekana kwake si kosa. Tatizo ni kwamba pete inabadilishwa kwa dakika mbili, na alama inagongwa na fundi yeyote mwenye nyundo. Ndiyo maana mimi alama naiangalia mwisho, halafu nailinganisha na msalaba wenyewe. Kila karakana ilikuwa na chapa zake: umbo la taji, mkia wa W, namna tarakimu 4 ilivyofungwa. Tafuta picha za msalaba uliothibitishwa wa karakana hiyohiyo, uziweke kando. Pete ikisema karakana hii na taji likisema nyingine, mmoja wao anadanganya.

Hatua ya 5: Uzee

Fedha huwa nyeusi kuanzia mabondeni, na sehemu zilizoguswa sana hubaki nyeupe. Weusi wa kutengenezwa kwa kemikali umetanda sawasawa kila mahali, hata pale nguo ingekuwa imesugua. Nawasihi sana: msisugue. Si ndimu, si majivu, si dawa ya meno. Wala usipake kiini rangi mpya. Msalaba uliong'arishwa umepoteza nusu ya ushahidi wake, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

Hatua ya 6: Utepe na karatasi

Utepe wa mpiganaji ni mweusi wenye mistari miwili myeupe. Kwa wasiokuwa wapiganaji rangi zilipinduliwa, mweupe wenye mistari myeusi. Uweke gizani chini ya taa ya noti: nyuzi za kisasa mara nyingi huwaka buluu kali kwa sababu ya dawa za kung'arisha nguo zilizoenea baada ya Vita vya Pili. Utepe ukiwaka, maana yake utepe ni mpya. Msalaba bado unaweza kuwa halisi. Hati ya kutunukiwa nayo ipitishe kwenye taa hiyohiyo, kisha soma jina, kikosi, tarehe na mhuri uone kama vinakubaliana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Huku kuna mzee ana msalaba, anasema ulifukuliwa pamoja na rupia za Mjerumani. Anataka milioni mbili. Rangi nyeusi bado inang'aa kabisa.

Jibu: Marahaba. Hiyo rangi ndiyo inayomkana. Chuma kilicholala kwenye udongo wenye unyevunyevu wa pwani tangu vita ile kingevimba kwa kutu mpaka kuisukuma fremu ipasuke. Ama haukufukuliwa, ama si wa zamani. Na hata ungekuwa halisi, huko Ujerumani msalaba wa kawaida wa aina hii usio na hati unauzwa kwa makumi ya yuro, haufiki bei hiyo hata kidogo. Jingine: kufukua mali kale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Usimfadhili mtu achimbe, na makaburi msiyaguse kabisa.

Mdau aliyeko Hamburg: Mkuu, kwenye soko la mitumba la Jumapili nimeona wa 1939, katikati wamebandika stika. Kwa nini?

Jibu: Chini ya stika kuna swastika. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuionyesha hadharani, isipokuwa kwa mambo kama utafiti na elimu ya historia. Ukikuta wa 1939 wenye majani ya mwaloni mahali pa swastika, huo umetengenezwa baada ya sheria ya 1957 iliyowaruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani zao bila alama hiyo. Si feki, ila ni wa baada ya vita, usiulipie bei ya wakati wa vita.

Mdau wa Nairobi: Nimeletewa Pour le Mérite, eti ya Lettow-Vorbeck mwenyewe!

Jibu: Hiyo ni nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia. Katika Vita vya Kwanza vyote walitunukiwa watu 687 tu, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki, aliipata Novemba 1916 akiwa vitani huku kwetu. Nishani hii inaigwa kuliko karibu nishani nyingine zote za Ujerumani. Usilipe chochote.

Dada wa Songea: Kaka yangu yuko Ujerumani, ameona medali ya kikoloni yenye kibao kilichoandikwa "Deutsch-Ostafrika 1905/07". Je, ni kitu cha kununua? Moyo unasita.

Jibu: Una haki ya kusita, dada. Hicho kibao, yaani kipande cha chuma kinachovaliwa kwenye utepe wa medali, ni cha Majimaji. Walipewa waliotumwa kuwazima babu zetu, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, huanzia 75,000 na kufika 300,000. Mimi naona ni bora kitu hicho kiwe mikononi mwetu na kisomwe kwa jina lake. Lakini mwambie kaka awe makini: medali hiyo, Kolonial-Denkmünze ya 1912, bila kibao ni rahisi, na kibao ndicho kinachopandisha bei, kwa hiyo ndicho kinachoghushiwa. Apige picha ya kibao mbele, nyuma na ubavuni, aangalie kingo za herufi chini ya lenzi kama nilivyoeleza kwenye vishanga, na aombe risiti yenye maelezo ya ilikotoka. Ikithibitika, andika yote hayo kwenye karatasi moja, uiweke pamoja na medali, kisha uongee na Makumbusho ya Majimaji hapo kwenu.