Namna ya kuchagua nguvu ya mkondo wa maji kwa tangi la samaki wa baharini ukiwa Mwanza

Kuna kijana wa Nyegezi alinitafuta kwa sababu samaki wake wa maji ya chumvi walikuwa wanahemea juu. Alishabadilisha chakula, chumvi, hata taa. Pampu hakuigusa, maana boksi lake limeandikwa lita 3,000 kwa saa, na kwake hiyo ilitosha. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Samaki wakihemea juu wanakosa oksijeni, na maji huipata pampu ikitikisa uso wake. Kwanza elewa hili kama umezoea kufuga sato au furu. Kwa joto la nyuzi 25, maji yenye chumvi kama ya bahari yanabeba oksijeni pungufu ya maji ya ziwa, takriban asilimia 18. Halafu Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo oksijeni inapungua tena kama asilimia 12. Mfugaji wa Tanga akikwambia pampu fulani inamtosha, mshukuru, kisha upime mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua lita zako

Urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 120 kwa 50 lenye kina cha 45 ni lita 270. Toa mawe na mchanga, baki na 240 hivi.

Hatua ya 2: Amua nani anakaa humo

Samaki peke yao: maji yote yazunguke kama mara 10 kwa saa. Matumbawe laini: mara 20. Matumbawe magumu yenye matawi: mara 40 na kuendelea. Kangaja na tasi wanapenda mkondo, utawaona wanaukimbilia. Farasi wa baharini hawezi kushindana na mkondo mkali, usimchanganye nao. Kwa lita 240 zenye samaki tu, unatafuta jumla ya lita 2,400 kwa saa.

Hatua ya 3: Pima pampu, achana na boksi

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, basi nitakaa kidogo.

Namba kubwa ya kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Pembeni yake utakuta H-max, tuseme mita 2.5. Maana yake ni kwamba ukipandisha maji mita 2.5, hayatoki hata tone. Wengi wanasoma kama sifa, kumbe ndiyo mwisho wa uwezo wake. Ikiwa tangi la chini, lile ambalo pampu inarudisha maji juu kutoka humo, liko kabatini na maji yanapanda mita 1.2, tegemea karibu nusu ya namba ya boksi, na kila kona ya bomba inapunguza tena. Kijana wetu alikuwa na kona nne na bomba la nusu inchi kwenye pampu yenye mdomo wa inchi moja. Usifanye hivyo. Bomba lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu.

Pima hivi. Chukua ndoo, mimina dumu la lita 5 mara mbili, weka alama ya kalamu, mwaga. Toa bomba majini lakini ulishike kwenye kimo kilekile linapomwagia siku zote. Ukilishusha sakafuni unajidanganya. Mtu mwingine awe na simu ya kuhesabu sekunde. Rudia mara tatu, na kila mara rudisha maji yaliyo ndooni, la sivyo tangi la chini litakauka na pampu itanyonya hewa. Ya kijana ilijaza lita 10 kwa sekunde 24. Hiyo ni lita 1,500 kwa saa.

Soma pia kibandiko cha umeme. Wa kwetu ni volti 230, hezi 50. Pampu ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole hapa, na ya volti 110 utaiunguza.

Sasa, usikimbilie kununua pampu kubwa ya kupandisha maji. Inatosha ipitishe mara 3 hadi 5 ya lita za tangi kwa saa. Kilichobaki kifanywe na pampu za mawimbi, zile zinazokaa ndani ya tangi na kusukuma maji bila kuyapandisha. Mimi nasimamia mbili ndogo kuliko moja kubwa. Moja kubwa inapiga upande mmoja kama feni ya gesti, huku nyuma ya mawe uchafu unalala. Na ikifa moja, nyingine inawashikilia samaki mpaka upate fundi.

Hatua ya 4: Elekeza

Ziweke kuta zinazotazamana, midomo imeinuka kidogo hadi uso wa maji utikisike wote. Mchanga ukihama, punguza. Tumbawe lisipigwe moja kwa moja. Tupia punje chache za chakula uone zinapokwama: hapo ndipo mkondo haufiki. Usiku usizime, maana oksijeni inafika chini kabisa kabla ya alfajiri.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika

Chomoa pampu makusudi, mchana, ukiwa umesimama hapo. Maji yatarudi chini kwa bomba lilelile. Yakifurika kabatini, toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili linyonye hewa na kukata mtiririko. Yakitulia bila kufurika, washa tena, kisha weka alama kwenye tangi la chini pale maji yanapofika pampu ikifanya kazi. Usilijaze kupita hapo kamwe. Tundu linazibwa na chumvi, lizibue kwa kijiti cha meno kila wiki. Valvu ya kuzuia maji kurudi siiamini, konokono mmoja anatosha kuiacha wazi.

Weka na pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha umeme ukienda.

Kila miezi michache loweka pampu kwenye siki na maji nusu kwa nusu, sugua sumaku ya ndani kwa mswaki, suuza, kisha urudie kipimo cha ndoo. Ikiwa imeshuka sana hata baada ya kuosha, badilisha sumaku hiyo kabla ya kununua pampu mpya.