Namna ya kusoma skani za saratani ya ini ili wasomaji wawili wafikie jibu moja

Mgonjwa alirudi kupimwa baada ya kuzibwa mshipa unaolisha uvimbe wake wa ini. Kabla ya tiba uvimbe ulikuwa sentimita 4.3. Safari hii nikapata 4.2, nikaandika "hakuna mabadiliko". Mwenzangu wa hapahapa Kampala akapata 2.9 katika skani ileile, kwa sababu aliacha katikati palipokufa. Kwake uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 33 hivi. Mkono wa kila mmoja ulikuwa sawa, ila tulipima vitu viwili.

Hatua ya 1. Kubalianeni kanuni, iandikwe juu ya ripoti. RECIST 1.1 ya mwaka 2009, kanuni ya kupima jinsi uvimbe unavyojibu tiba, hupima uvimbe mzima. mRECIST ya 2010, toleo lake lililorekebishwa kwa saratani ya ini, hupima sehemu iliyo hai tu, yaani inayong'aa katika awamu ya ateri: picha za mapema, wakati ateri ndizo zinazoleta kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) kwenye ini. Kwa tiba za kuziba mshipa au kuchoma uvimbe, mimi nasimama na hii ya pili, maana tiba hizo zaweza kuua uvimbe usinywee. Ukipungua asilimia 30 au zaidi, tiba imejibu kwa sehemu. Ukiongezeka 20, ugonjwa umesonga mbele.

Hatua ya 2. Kagueni awamu kabla ya kugusa rula. Awamu ya ateri tunayoitaka huja kama sekunde 35 baada ya kudunga kontrasti. Tazameni mishipa: vena kuu iingiayo kwenye ini iwe imeanza kung'aa, na vena zitokazo kwenye ini ziwe bado. Zikishang'aa, mmechelewa, msipime. Inauma kumwambia mtu aliyelala kwenye basi kutoka Arua, huko kaskazini ambako homa ya ini B imeenea zaidi, kwamba arudie kipimo. Lakini namba ya uongo itamuumiza zaidi.

Hatua ya 3. Someni skani kumi pamoja, kwa sauti. Hapa msiharakishe. Mstari wa kipimo usivuke eneo lililokufa, hata kama uhai uko pande zote mbili. Lipiodoli, mafuta yanayodungwa wakati wa kuziba mshipa, ni mtego mkubwa: kwenye CT ni nyeupe sana na huficha mng'ao wa kweli. Linganisheni na picha za kabla ya kontrasti, au ombeni MRI.

Hatua ya 4. Sasa kila mtu asome peke yake, skani 40, asione majibu ya mwenzake. Swali ni moja: kuna uhai au hakuna? Tuseme wote mmesema "upo" mara 18, "haupo" mara 14, na mmepishana mara 8, nne kila upande. Mmelingana asilimia 80, ila bahati peke yake ingewapa 50.5. Toeni bahati: 0.80 kutoa 0.505, gawanya kwa 0.495, yaani 1 kutoa 0.505. Kapa, yaani kipimo cha makubaliano bahati ikishatolewa, ni 0.60 hivi. Ni ya wastani, na kwa uamuzi wa kubadili tiba ya mtu mimi siridhiki nayo.

Hatua ya 5. Zile nane zifungueni kwenye skrini moja, kila mmoja aoneshe kwa kipanya pale alipoona uhai. Kwetu ubishi mwingi ulikuwa ukingoni. Utepe mwembamba, laini, unaozunguka mahali palipochomwa waweza kuwa jeraha la tiba tu katika miezi ya mwanzo. Kinundu kinene kinachong'aa tunakihesabu kuwa uhai. Andikeni mlichokubaliana. Baada ya wiki nne changanyeni upya skani zilezile, kila mmoja azisome tena, aone kama anakubaliana na nafsi yake.