Prado ya 1KZ haivuti mlimani? Usikimbilie kununua turbo

"Fundi, turbo imekufa." Ndivyo wanavyoniambia wengi wanaoingia gerejini kwangu Iringa baada ya kuupanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, malori yakiwapigia honi nyuma. Hukumu imeshatolewa na boneti hata haijafunguliwa. Mimi huwajibu, tuanze na mpira unaopitisha hewa kutoka kwenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa.

Nina sababu. Kuna Toyota Hilux Surf ilikuja haivuti. Nikaigusa shafti ya turbo, nikaona inacheza, nikamwambia mwenye gari anunue nyingine. Akaleta iliyotumika, tukafunga siku nzima, gari likatoka kama lilivyoingia. Kesho yake ndipo nilipouvua mpira unaotoka kwenye turbo. Upande wa chini, ambao huuoni ukisimama mbele ya injini, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, karibu kabisa na klipu. Mpira ukitulia, ufa unafumba, huwezi kuuona. Ukiukunja kwa dole gumba, unaachama kama mdomo wa kambare. Pembeni yake vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta, rangi ya ugoro. Nusu ya gharama nilibeba mimi.

Ninayoandika hapa yanahusu 1KZ-TE, ile injini ya lita 3.0 iliyomo kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Dizeli nyingine za zamani zenye turbo ya kawaida zinafuata njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Soma moshi

Panda mlima kwa gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini, na mtu awe kwenye gari la nyuma akitazama. Moshi mweusi na gari halivuti: mafuta yapo, hewa haitoshi. Hakuna moshi na gari halivuti: mafuta hayafiki, au kompyuta ya injini imeyapunguza yenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, simamisha gari. Hilo si jambo la turbo, ni silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, na hedi ya 1KZ kupasuka ni ugonjwa unaojulikana.

Kwenye 1KZ moshi mweusi hauwi mzito kama wa injini ya 2L-T yenye pampu isiyo na umeme, kwa sababu kompyuta ikiona presha ndogo inabana mafuta. Kwa hiyo usiutegemee moshi peke yake.

Hatua ya 2: Vya bei ndogo kwanza

Toa eya kilina, yaani filta ya hewa, ishike kuelekea juani. Kama mwanga haupiti, badilisha. Barabara zetu za vumbi zinaimaliza mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kisha filta ya dizeli. Fungua koki ya chini, kinga kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, uiache dakika kumi. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Kama filta ni ya muda mrefu, weka mpya bila kujadiliana, halafu piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikilegea tena baada ya muda mfupi, kuna mahali panapovuta hewa.

Hatua ya 3: Kimpira kidogo kinachodanganya kompyuta

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kwenye maniholdi ya kuingiza hewa kuna kimpira chembamba kinachokwenda kwenye sensa ya presha ya turbo. Kikipasuka, kikichomoka au kikiziba masizi, turbo inaweza kuwa inapuliza vizuri kabisa, lakini kompyuta haioni kitu, basi inanyima mafuta. Gari linakuwa zito na halitoi moshi. Chomoa, puliza, kata ncha iliyochoka, rudisha.

Kama taa ya injini inawaka, isome. Fungua kile kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti. Majina ya matundu yameandikwa ndani ya kifuniko chake. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa inavyomweka. Mara tatu, kituo, kisha mara tano ni 35, sensa ya presha ya turbo. Ikimweka mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Hatua ya 4: Jaza upepo, paka sabuni

Hii ndiyo ingeniokoa kwenye ile Surf. Tafuta kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira wa kuingilia turbo, kitoboe, kifunge vali ya tairi. Injini iwe imezimwa na imepoa. Vua mpira upande wa eya kilina, chomeka kifuniko, kaza klipu, na uzibe kimpira cha kupumulia injini kinachoingia hapo. Jaza upepo polepole, usipite nusu baa kwenye geji ya presha. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila mpira, kila klipu, na intakula (kipoza hewa ya turbo) kama ipo.

Utasikia upepo ukipita ndani ya injini na kutokea kwenye egzosi. Hiyo ni kawaida, kuna vali zilizo wazi. Unachotafuta ni povu nje. Pitisha mkono chini ya mipira, palepale macho yasipofika.

Hatua ya 5: Pima, usikisie

Geji ya presha ya turbo ya kawaida haina bei ya kutisha. Iunge kwa kiungo cha njia tatu kwenye kile kimpira cha sensa, uingize geji ndani ya gari, urudi mlimani kwa gia ya tatu. Kuanzia mizunguko 2,000 kwenda 2,500, mshale unatakiwa uvuke nusu baa. Ukifika hapo na gari bado zito, iache turbo, rudi kwenye mafuta. Usipofika na mipira ni mizima, endelea.

Chomoa kimpira cha kopo la westigeti, ule mlango unaopunguza presha ya turbo, unga pampu ya mkono yenye geji, piga taratibu bila kuvuka baa moja. Fimbo isogee na kurudi, presha isishuke. Fimbo ikiganda kwa kutu ikiwa wazi, moshi unapita pembeni na turbo haizunguki inavyopaswa.

Legeza pia egzosi kabla ya sailensa, ujaribu mwendo mfupi. Gari likipata nguvu ghafla, huko nyuma kumeziba.

Hatua ya 6: Sasa turbo yenyewe

Shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, maana inaelea kwenye oili. Hapo ndipo nilipojikwaa. Kucheza mbele na nyuma unakokusikia waziwazi, au mapanga yanayogusa nyumba yake, ndiyo kifo. Ukikuta mipira imejaa oili, usiendelee kuliendesha. Dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe haizimiki kwa funguo. Ikikutokea, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono.

Na yule anayekwambia "tuongeze mafuta tu kwenye pampu", mkatalie. Mafuta bila hewa ni joto, na hedi ya 1KZ haina subira na joto.

Kama kweli ni ya kubadilisha, safisha bomba la oili linaloilisha, maana mara nyingi ndilo lililoiua ile ya kwanza. Mwaga oili iliyobaki kwenye mipira na intakula, badilisha oili ya injini na filta yake. Mimina oili kidogo kwenye tundu la turbo mpya, izungushe kwa kidole. Washa, iache ingurume yenyewe dakika mbili tatu bila kupiga resi, kisha urudi na geji yako kwenye ule ule mlima.