Kabla hujang'oa kabureta ya Beetle
Ndugu zangu wenye Volkswagen Beetle hapa Mombasa, ukitaka kutoa kabureta (inayochanganya petroli na hewa) ufunge injekta (zinazonyunyiza petroli kwa shinikizo), anza na tangi la petroli. Hii hewa yetu ya chumvi hulila, na chembe za kutu huziba injekta upesi. Lisafishe vizuri, weka filta mpya.

Halafu mipira ya petroli. Hapo usibane pesa kabisa! Shinikizo la pampu ya kabureta halifiki hata bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo). Ya injekta husukuma karibu bar 3. Mpira wa zamani ukipasuka, petroli inarukia injini ya moto na gari linateketea. Nunua mipira na vibano vya injekta.

Injini hii hupozwa kwa hewa, si kwa maji, kwa hiyo sensa ya joto fundi aifunge kwenye silinda hedi (kichwa cha silinda).