SOMO: Kutunza takwimu za mikoko zisomeke hata miaka 20 ijayo

Kupima wengi tunajua. Kazi hupotelea kwenye kutunza. Mvua za El Niño za 1997/98 zilishusha tope jingi hori ya Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Ukitaka kujua msitu kama ule umerudi kiasi gani, lazima ujue ulikuwaje kabla, na anayejua ni daftari.

Hatua ya 1: Andikeni utaratibu kabla ya kuingia matopeni. Mchu, aina ya mkoko isiyo na mizizi ya kuning'inia shinani, hupimwa unene mita 1.3 kutoka ardhini. Aina iitwayo mkoko hasa, ikiwa mizizi yake imepanda juu ya kimo hicho, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Tia mstari wa rangi hapo hapo, maana mwenzako akipima chini kidogo mwaka ujao, takwimu zitasema mti umenenepa na si kweli. Andika pia kama ni mzingo au kipenyo. Vikichanganywa safu moja, nusu ya miti itaonekana minene mara tatu.

Hatua ya 2: Fomu moja, penseli, na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, mfano 2024-03-05. Ukiandika 05/03, mmoja atasoma Machi, mwingine Mei.

Hatua ya 3: Sifuri si nafasi tupu. Hapa ndipo takwimu nyingi zinapofia, nawasihi mpashike. Sifuri maana yake umehesabu miche na hukukuta hata mmoja. Kama maji yalijaa hukuhesabu, andika "haikupimwa" na sababu yake. Ukiacha tupu, atakayekuja atajaza sifuri, na msitu wenye afya utasomeka hauzai.

Hatua ya 4: Ingiza takwimu kwenye kompyuta siku hiyohiyo, mwingine akague dhidi ya karatasi. Faili ghafi, yaani lile la kwanza kabla ya kurekebishwa, haliguswi tena. Marekebisho yote yafanywe kwenye nakala.

Hatua ya 5: Nakala tatu, moja ikae mbali na ofisi. Hifadhi kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato; hufunguka kwa programu nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mti ulikuwa sm 14.2, sasa 13.6. Nifute?*
Usifute, ndugu yangu. Huenda gome limebanduka au futi ilikaa mshazari. Maji yakipwa rudi upime, kisha acha namba zote na maelezo safu ya pembeni.

*Kibati cha namba kimedondoka, tufanyeje?*
Upe mti namba mpya kabisa, na pembeni andika ile ya zamani unayoidhania. Namba ya mti uliokufa hairithiwi na mti mwingine.

*Sisi ni kikundi cha kijiji, kompyuta hatuna.*
Dada, msivunjike moyo. Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, iliyoanza 2013, ni mradi wa wanakijiji, na mauzo yao ya hewa ukaa (malipo kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi) yanategemea vipimo vya msitu. Chukueni daftari la jalada gumu, pigeni picha kila ukurasa siku hiyohiyo, mzitume kwa watu wawili wanaokaa sehemu tofauti. Na mkipata kompyuta, karatasi msizitupe.