Kukagua mawasiliano ya simu bila kujianika

1. Amua kwanza unatafuta nini. Kama unataka tu kujua programu fulani inawasiliana na seva zipi, usivunje usimbaji (ufichaji wa data inaposafiri). Programu ya PCAPdroid kwenye Android inakuonyesha majina ya seva kwa kila programu, bila kuruti simu (kuipa programu mamlaka yote juu ya mfumo). Wengi wangeweza kuishia hapa.

2. Ukihitaji kuona ndani, tafuta simu ya majaribio yenye akaunti za majaribio. Simu yenye programu ya benki isiguse kazi hii. Wi-Fi nayo iwe yako peke yako: kunasa mawasiliano ya wengine bila ridhaa yao ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

3. Washa mitmproxy, programu inayokaa kati ya simu na intaneti na kukuonyesha yanayopita, kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, sehemu ya proksi (mpatanishi wa mawasiliano), jaza anwani ya kompyuta hiyo na poti 8080.

4. Fungua mitm.it kwenye simu, usakinishe cheti, yaani faili inayoiambia simu imwamini mitmproxy. Hapa usiende mbio. Kuanzia sasa simu itaamini chochote kilichotiwa saini kwa ufunguo ulio kwenye kompyuta yako, katika faili mitmproxy-ca.pem ndani ya folda .mitmproxy. Atakayeipata faili hiyo na kukaa kati ya simu na intaneti anaweza kujifanya tovuti karibu yoyote, na kivinjari kisishtuke. Usiinakili kwenye flashi wala kuipandisha mtandaoni. Programu nyingi zitagoma kuunganishwa. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, kwa kawaida haziamini vyeti alivyoongeza mtumiaji.

5. Soma ulichonasa. Utakutana na mstari unaoanza na `Authorization: Bearer`, ukifuatiwa na msururu mrefu wa herufi. Hiyo ni tokeni. Aliye nayo mara nyingi huingia kwenye akaunti bila kuulizwa nenosiri wala namba ya uthibitisho, mpaka muda wake uishe. Kuki, yaani alama ambazo tovuti hutumia kukutambua, nazo ni vilevile. Kwa hiyo anayekuomba faili zima la ulichonasa ili "akusaidie" mpe ombi moja tu (ujumbe mmoja ambao programu ilituma kwa seva), ukiwa umeondoa mistari hiyo. Kagua na anwani ya wavuti ya ombi lenyewe: baadhi ya programu huficha humo barua pepe au mahali ulipo.

6. Ukimaliza, toka kwenye akaunti zote, ondoa proksi, futa cheti kwenye simu, kisha futa faili za kunasa, pamoja na nakala zilizojipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni.