Somo: Kupanga Usiku wa Kuvua Ufukweni kwa Kuufuata Mwezi, Ziwani Viktoria na Baharini

Wengi wetu tunaovua kwa mshipi kando ya Ziwa Viktoria tulipokea elimu ya mwezi kutoka kwa watu wa pwani, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Mvuvi wa Mombasa akitaja mwezi, anachokisema hasa ni maji: bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kujaa na kupwa. Mvuvi wa Katosi au wa Masese, huku kwetu ziwani Uganda, akitaja mwezi, anasema habari ya giza na mwanga. Mwezi ni uleule, ila kazi yake katika maji haya mawili si moja, na mtu anayelichukua jedwali la maji ya bahari akaja nalo Ggaba atapoteza safari nyingi bure. Somo hili nimeliandika ili kila mwanachama aweze kupanga usiku wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: tenganisha bahari na ziwa

Baharini, mvuto wa mwezi huyainua maji upande wa dunia unaouelekea mwezi na upande wa pili pia, ndiyo maana katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja, na ingawa mvuto wa jua haufikii nusu ya ule wa mwezi, nguvu zao zikijumlishwa huleta bamvua, ambalo kwa kawaida hufikia kilele siku moja au mbili baadaye. Wakati wa nusu mwezi nguvu hizo hupingana, na maji huwa mafu. Mombasa, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua huweza kupita mita 3, na maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mganda anayesafiri kwenda kuvua huko na asimame kwenye mwamba maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa ndipo samaki wanapoufuata ufuko kutafuta chakula, lakini aijue njia yake ya kurudi kabla hajatupa ndoana ya kwanza.

Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba 68,800 hivi, na hata hivyo ni dogo mno kwa kazi hiyo. Bahari hukusanya maji kutoka umbali wa maelfu ya kilomita, ilhali ziwa halina mahali pa kuyatoa. Kujaa na kupwa kwa sababu ya mwezi katika Ziwa Viktoria ni jambo la sentimita chache tu, na wimbi la mtumbwi unaopita hulifunika. Basi ukiwa ufukweni Kigungu, usiulize maji yatajaa saa ngapi. Uliza mwezi utachomoza saa ngapi na utatua saa ngapi.

Hatua ya pili: hesabu saa za giza

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, nayo haihitaji simu wala intaneti. Mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Katika nusu ya kwanza ya mwezi, chukua idadi ya siku tangu mwezi ulipokuwa gizani kabisa, izidishe kwa dakika 50, kisha anza kuhesabu kutoka machweo, ambayo kwetu Uganda huwa karibu saa moja jioni mwaka mzima. Mwezi wa siku tano, kwa mfano, una dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi, kwa hiyo utatua karibu saa tano usiku, na kuanzia hapo hadi alfajiri ni giza tupu. Mwezi wa siku saba hutua karibu saa saba usiku.

Baada ya mwezi mpevu hesabu hugeuka: sasa unahesabu kuchomoza. Siku tatu baada ya mpevu, mwezi huchomoza karibu saa tatu na nusu usiku, na giza lako ni lile la kati ya machweo na saa hiyo. Ndugu zetu Waislamu wana urahisi zaidi, kwa kuwa kalenda yao yenyewe ni umri wa mwezi; waongeze siku moja tu, kwa sababu mwezi huonekana baada ya kuwa umeshazaliwa. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi mchanga kwetu hulala kama mtumbwi, pembe zake zikielekea juu. Ukiuona hivyo magharibi baada ya jua kutua, ujue nyakati za giza refu bado zipo.

Hatua ya tatu: jua giza linamfaa samaki yupi

Mukene, ambaye jirani zetu humwita dagaa, hupanda juu ya maji usiku akifuata wadudu wadogo wa majini. Usiku wa giza taa humkusanya. Usiku wa mbalamwezi mwanga umetapakaa kila mahali, taa inapoteza nguvu, na ndiyo maana wavuvi wa mukene hupumzika siku za mwezi mpevu wakashona nyavu. Ziwa Albert nako, samaki wadogo waitwao muziri na ragoge huvuliwa kwa taa kwa sababu hiyohiyo. Karibu na siku za giza la mwezi, pia, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi mkubwa juu ya maji hutoka kwa wingi, na samaki wadogo huwafuata.

Sisi wa mshipi hatuvui mukene, lakini sangara humfuata mukene. Sangara huwinda vizuri katika mwanga hafifu, kwa hiyo mimi huchagua nyakati mbili: saa inayofuata machweo, na saa inayotangulia mapambazuko. Mwezi ukitua usiku wa manane, nangojea pia nusu saa baada ya kutua kwake. Mwezi ukiwa mpevu sikati tamaa, ila nahamia penye kivuli cha miti au cha gati, na natumia mshipi mwembamba zaidi. Nyavu za makila (zinazonasa samaki kwenye matamvua) huonekana na samaki katika mwanga ule, lakini ndoana moja yenye chambo hai haina tatizo hilo kwa kiwango kilekile. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na arudishwe majini. Hiyo ni sheria, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Ngege (tilapia) hula mchana, kwa hiyo mwezi haumhusu sana. Kambale na kamongo hutafuta chakula usiku kwa harufu na kwa kugusa. Kwao tope na mafunjo ni muhimu kuliko mwezi.

Hatua ya nne: soma upepo

Kinachoyasogeza maji yetu ni upepo. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, ukisukuma maji ya juu pamoja na mwani hadi ufukweni. Usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya Juni na Julai pepo za kusini-mashariki huyachanganya maji ya juu na ya chini, na pengine maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha hupanda na kuwafukuza samaki au hata kuwaua. Ukiona samaki wamejaa ukingoni wakihema juu ya maji, hiyo si neema ya mwezi, na samaki waliokufa wasiokotwe kuwa kitoweo.

Hatua ya tano: jilinde

Dhoruba za radi za Ziwa Viktoria hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo fimbo ndefu ya kuvulia ishushwe mara ngurumo ya kwanza inaposikika. Usisimame ndani ya maji ya kina kifupi, hasa saa za adhuhuri ambapo vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Usiku wa giza, mulika ukingo kwanza kwa ajili ya kiboko na mamba, kisha ukae.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Entebbe: Mwalimu, asubuhi naona maji yamerudi nyuma karibu hatua mbili, na jioni yamekuja tena. Je, huko si kupwa na kujaa?

Jibu: Ndugu yangu, umeangalia vizuri, na kipo kipimo rahisi cha kuamua. Chomeka kijiti chenye alama za sentimita mahali palipotulia, uandike kimo cha maji na saa kwa wiki mbili. Kama ni kazi ya mwezi, saa ya kujaa itasogea mbele kwa dakika 50 kila siku. Kama inabaki saa ileile ya jioni, ni upepo wa ziwa. Kwenye ufuko usio na mteremko mkali, sentimita chache za kimo hutosha kuleta hizo hatua mbili.

Swali kutoka Jinja: Mzee wetu, mimi huvua mtoni, chini ya mabwawa. Huko maji hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na samaki hula wakati wa kupanda.

Jibu: Hayo ni maji yanayofunguliwa na mitambo ya umeme, hayafuati mwezi. Andika saa zake katika daftari, kwa kuwa yana ratiba yake, na usivue kwenye jiwe lililo katikati ya mto hata kama limekauka. Ziwa lenyewe hupanda kwa mvua ya miezi mingi, kama ilivyokuwa mwaka 1964 na tena 2020.

Swali kutoka Kalangala: Mwalimu, shikamoo. Mwezi mpevu ukifunikwa na mawingu mazito, nihesabu kama giza?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hesabu kama nusu giza. Mawingu mazito hupunguza mwanga sana, nami nimepata sangara wazuri katika usiku wa namna hiyo, lakini yakipasuka mwanga hurudi ghafla na samaki hushuka. Kaa karibu na kina kirefu, uwe na mshipi wa pili wenye chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) zito zaidi.

Swali kutoka Masaka: Programu ya simu yangu inaonyesha saa za maji kujaa pale Lambu. Niifute?

Jibu: Usiifute, kwa kuwa saa zake za mwezi kuchomoza na kutua zinakufaa. Ule mchoro wa maji tu ndio uupuuze.